Faili la zamani la Word halifunguki: pa kuanzia

Usilifungue kutoka kwenye flashi au disketi uliyoletewa. Linakili kwenye kompyuta, kisha fanya kazi yote kwenye nakala. Faili likifunguliwa vibaya na kuhifadhiwa juu yake lenyewe, yaliyokuwemo hayarudi.

Tazama ukubwa wake. Baiti 0 maana yake hamna kitu ndani. Mara nyingi flashi ilichomolewa kabla maandishi hayajaingia, basi mwombe mwenyewe nakala nyingine. Jina linaloanza na ~$ na uzito wa baiti 162 si waraka. Ni kifaili cha muda ambacho Word hukiweka ili kujua nani ameufungua waraka, na waraka wenyewe uko pembeni yake, pengine umefichwa. Flashi inayozunguka steshenari za Ngamiani hapa Tanga ikionyesha shotikati tupu, shuku kirusi kinachoficha mafolda. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows), andika attrib -h -s -r E:\*.* /s /d, na mahali pa E weka herufi ya flashi yako.

Jina likiwa na .doc lisikudanganye, kwa sababu yeyote anaweza kulibadilisha. Fungua nakala kwa Notepad, soma herufi za mwanzo tu, halafu funga bila kuhifadhi. PK ni docx ya kuanzia Word 2007; ÐÏ ni doc ya zamani; {\rtf ni RTF, waraka unaosomwa na programu nyingi; ÿWPC ni WordPerfect, programu nyingine ya zamani ya kuandikia. Ukikuta MZ, hiyo ni programu iliyovishwa ikoni ya Word. Ifute, usiibofye.

Kama maneno yanasomeka ila herufi ya mwisho ya kila neno imegeuka kituko, umepata WordStar. Programu hiyo ya kuandikia ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, iliongeza 128 kwenye herufi ya mwisho ya neno. Kwenye Linux mstari huu unatosha:

tr '\200-\377' '\000-\177' < barua.ws > barua.txt

Mistari inayoanza na nukta, kama .pa, ni amri za ukurasa, ifute.

WordPerfect, Works na Lotus Word Pro usihangaike nazo kwenye Word. LibreOffice ni ya bure na inazifungua zote tatu. Zikiwa nyingi, ingia kwenye folda lake uandike soffice --headless --convert-to docx *.wpd, uziache zijigeuze. Jihadhari na .wps: Works ya Microsoft na WPS Office ya Kingsoft zote hutumia mwisho huo, lakini ni faili tofauti kabisa.

Ujumbe kwamba faili limezuiwa hausemi kwamba limeharibika. Word za sasa zinakataa matoleo ya kale kwa sababu vigeuzi vyake vilikuwa na matundu ya usalama. Nenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, File Block Settings, ondoa tiki ya Open kwenye toleo husika, fungua, hifadhi kama docx, kisha rudisha tiki. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho.

Lililoharibika kweli lichague kwenye dirisha la Open, bofya kishale kilicho pembeni ya kitufe cha Open, chagua Open and Repair. Ikishindikana, kwenye orodha ya aina za faili chagua Recover Text from Any File. Majedwali na picha vitapotea, na juu na chini patajaa takataka, ila maandishi mengi yatabaki.

Waraka wa madrasa ukifunguka lakini Kiarabu kimegeuka herufi za Kilatini zisizo na maana, kinachokosekana ni fonti. Kabla ya Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, fonti nyingi zilichora Kiarabu juu ya misimbo ya Kilatini; mtafute aliyeuchapa akupe fonti ileile.

Disketi za inchi 3.5 zinataka kisomaji cha USB. Kwanza sogeza kile kitelezi cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, ili isiandikwe. Sukuma pazia la chuma utazame sahani: kwa unyevu wa pwani kuvu huota humo, na disketi yenye kuvu ukiichomeka huchafua kichwa cha kisomaji, nacho kikakwaruza disketi inayofuata.