Kupiga mtoto mchanga picha nyumbani: anza na dirisha, kamera baadaye

Kila wiki kuna mtu ananiuliza natumia kamera gani kupiga watoto wachanga, na mimi namuuliza dirisha lake linaangalia wapi. Anadhani nimekwepa swali. Lakini hapa Kisumu ikweta iko pale tu, jua linachomoza kama saa 12 na nusu mwaka mzima na linapanda haraka, ikifika saa 5 mwanga ni mkali hadi unaona mabati ya jirani yanakuumiza macho. Hapo hata kamera ya laki mbili haikusaidii.

Mimi napenda saa 3 mpaka saa 4 na nusu asubuhi, ama kuanzia saa 10 jioni. Tafuta dirisha ambalo jua lenyewe haliingii, mwanga tu ndio unaingia, kwa hivyo asubuhi tumia la upande wa ziwa (magharibi), jioni la upande wa milima ya Nandi (mashariki). Kama nyumba ni ya chumba kimoja na dirisha ni moja na jua limejaa ndani, tundika neti ya pazia ama shuka nyeupe nyepesi.

Hii ya shuka nilijifunza kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa Migosi, saa 7 mchana, mtoto mrembo amelala fofofo, nikapiga picha kama mia mbili nikijisikia fundi kweli kweli, kufika nyumbani kuangalia kwa laptopu naona vivuli vya grili vimepita usoni mistari mistari, mtoto wa siku nane anakaa kama mfungwa wa gereza la Kodiaga. Mama yake alicheka sana lakini balansi hakulipa, na siwezi kumlaumu.

Zima balbu, hata kama chumba kinaonekana giza kidogo. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje ngozi inatoka rangi mbili, na mama ataanza kuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa manjano. (Kama kweli macho ama ngozi ni ya njano bila balbu, achana na picha, mpelekeni kliniki.) Ukuta wa kijani pia unatupa rangi yake shavuni, sogea mbali nao.

Sasa weka godoro dogo chini, mita moja hivi kutoka dirishani, mtoto alale chali, kichwa kielekee dirisha lakini kwa mshazari. Halafu angalia pua. Kivuli cha pua kikishuka kuelekea mdomo uko sawa. Kikipanda kuelekea paji la uso, huyo anafanana na mtu amejimulika tochi chini ya kidevu, zungusha godoro, usizunguke wewe. Upande wenye giza simamisha manila pepa nyeupe, utaona shavu linafunguka.

Mtoto mwenyewe ni rahisi kati ya siku ya 5 na ya 14, bado analala amejikunja kama alivyokuwa tumboni. Anyonye ashibe, acheue, alale kabisa, ndio uanze, na ukiona dakika arobaini zimeisha kwa kunyonya tu usianze kuangalia saa, hiyo ndio kazi. Redio iliyopoteza stesheni, ile inafanya shhhh, inawatuliza ajabu. Kisumu joto lipo, lakini Nakuru asubuhi ni baridi, basi pasha blanketi kwa pasi kwanza, kisha lijaribu kwa shavu lako kabla ya kumlaza. Jiko la makaa lisiingie chumbani, gesi yake haionekani na inaua. Blanketi liwe la rangi moja, mimi zangu zote ni mitumba ya soko la Kibuye. Na mwambie mama mapema asimpake mafuta usoni hiyo asubuhi, maana mtoto atang'aa kama samosa.

Ukitumia simu, pangusa lenzi kwanza, kisha gusa jicho la mtoto kwa skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta mwanga chini kidogo. Usizumu, sogea. Flashi sahau. Mwenye kamera, spidi ya shata isiwe ya polepole kuliko 1/125 ya sekunde, ISO (vile kamera inahisi mwanga) ya 800 haina shida, na mkanda wa kamera uwe shingoni mwako ukipiga kutoka juu.

Ile staili ya mtoto kushika kidevu kwa mikono miwili mnayoiona mtandaoni, huwa ni picha mbili zimeunganishwa, kuna mtu amemshika. Usijaribu. Dani, yaani nyanya wa mtoto, akae hapo hapo karibu na mkono tayari, na huo mkono pia upige picha: kisigino cha mtoto, ngozi inabambuka kidogo kama kawaida yao, kikiwa kwa kiganja kilicholima miaka sitini.

Wengine hawataki uso wa mtoto utoke nje mapema, wana sababu zao, usibishane nao na usiposti kabla hujauliza. Mgeuze mama akae na dirisha nyuma ya bega lake, mtoto begani, upige kutoka upande. Vile vinywele laini vya mgongoni na masikioni, ambavyo kwa macho hata huvioni, vitawaka vyote.