SOMO: Namba 6174 hatua kwa hatua, na pale mnapokosea

Naliandika mara moja ili kila anayeniuliza "mwalimu, mbona yangu haifiki 6174?" nimwelekeze hapa. Inafika. Chukua karatasi.

1. Chagua namba ya tarakimu nne, zisifanane zote.
2. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo.
3. Zigeuze.
4. Kubwa toa ndogo.
5. Jibu lirudishe hatua ya 2.

Mfano 1973, mwaka ulipopitishwa uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma: 9731 − 1379 = 8352. Tena 8532 − 2358 = 6174. Ukiendelea, 7641 − 1467 = 6174. Haitoki hapo.

Sasa hatua ya 4, someni taratibu. Jibu likiwa na tarakimu tatu, WEKA SIFURI MBELE. Niliwahi kuivuruga mbele ya wanafunzi wa tuisheni, Majengo. Nilichukua 2111, nikatoa 1112, nikaandika 999. Nikapanga, nikageuza, nikatoa: 0. Nimeshika chaki, watoto wananitazama, na nilishawaahidi 6174. Usingizi sikuupata. Jibu lilikuwa 0999: 9990 − 0999 = 8991, halafu 8082, 8532, 6174. Sifuri ni tarakimu kamili, usiitupe.

Kipimo: jumlisha tarakimu za kila jibu, lazima zigawanyike kwa 9. Na hatua hazizidi 7.

Aliyeigundua, mwaka 1949, ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India.

Mkazi_Kizota: Nimeweka 5555 napata 0. Somo lina makosa.

Mwalimu: Soma hatua ya 1.

Zabibu_Tamu: Nipo hatua ya 9, bado.

Mwalimu: "Bado" siwezi kuikagua. Leta hesabu.

Zabibu_Tamu: Nilianza na 0014. 4086, 8172, 7443, 3996, 6264, 4186...

Mwalimu: 4+1+8+6 ni 19. Kipimo nimekiandika juu. 6642 − 2466 ni 4176, umekosea kukopa. Inayofuata ni 6174.

Binti_Kondoa: Shikamoo mwalimu. Kwa nini lazima igawanyike kwa 9?

Mwalimu: Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Ziite a, b, c, d, a ikiwa kubwa kuliko zote. Ukigeuza, a inatoka maelfu inaangukia mamoja, na d inapanda. Hapo unapata 999 × (a − d). Zile za kati zinabadilishana mamia na makumi: 90 × (b − c). Jumla yake ndiyo jibu, na 999 na 90 zote zinagawanyika kwa 9. Tena ona: jibu linategemea tofauti mbili tu. Ukizihesabu zote, kutoa mara moja kunabakiza majibu 54 basi, kati ya maelfu ya namba ulizoweza kuanza nazo!

Boda_Chamwino: Namba ya pikipiki ina tarakimu tatu. Yangu 417.

Mwalimu: Tatu huishia 495. 741 − 147 = 594, kisha 954 − 459 = 495. Mbili hazitulii: 63, 27, 45, 09, 81, unarudi 63.

Binti_Kondoa: Mwalimu, 6+1+7+4 = 18. Nimejaribu 18 + 18×18 + 18×18×18.

Mwalimu: 18 + 324 + 5832 = 6174. Nimeirudia mara mbili. Kesho naiandika ubaoni.