Kabla Hujanunua Lenzi ya Kupigia Picha za Michezo: Mambo ya Kuzingatia

Kila msimu wa ligi unapokaribia, vijana wanaopiga picha za mpira, riadha na ndondi huniuliza lenzi gani wanunue, na karibu wote huanza na bei. Ninawaomba waanze na kamera waliyo nayo, wafuate mchezo wanaoupiga na mahali watakapokaa uwanjani, kisha bei iwe ya mwisho. Aliyeanza na bei nimemwona mara nyingi akirudi dukani baada ya miezi michache kununua lenzi ile ile aliyoikwepa mwanzoni, akiwa tayari amekwisha kutumia nusu ya fedha zake.

Jua utakaa wapi. Mpigaji anayeruhusiwa kukaa pembeni ya uwanja wa mpira atafanya kazi nzuri kwa zumu, yaani lenzi inayoweza kuvuta picha karibu au mbali, ya milimita 70 hadi 200 (milimita zikiwa nyingi inavuta vitu vya mbali zaidi), mradi akubali kwamba mchezo wa upande wa pili wa uwanja si wake. Anayetaka kuufikia upande huo anahitaji milimita 300 au 400. Ulingoni, ambako mabondia wako hatua chache kutoka kwako, milimita 24 hadi 70 zinatosha. Ukiwa na kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kibao kinachopokea picha ndani ya kamera), ile inayokuza mara 1.5, lenzi ya milimita 200 itakupa mwonekano wa milimita 300, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye kipato cha kawaida.

Hakikisha kwamba lenzi itashika fokasi yenyewe kwenye kamera yako, yaani itajirekebisha ili unachokipiga kionekane kwa ukali. Usiridhike kwamba inaingia na kufunga vizuri, kwa sababu hilo ni jambo jingine kabisa. Canon ilipoanzisha mfumo wake wa EF mwaka 1987 iliweka mota ndani ya lenzi, kwa hiyo lenzi hizo hujiendesha zenyewe, na hata leo zinafanya kazi kwenye kamera zake mpya za familia ya R kwa kutumia adapta. Nikon iliendelea kwa miaka mingi kutengeneza lenzi zisizo na mota, zinazozungushwa na mota iliyo ndani ya kamera kupitia kijiti kidogo kinachochomoza kwenye mdomo wa kamera. Tangu D40 ya mwaka 2006, kamera zake nyingi za bei nafuu, zikiwamo zile za familia ya D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Ukifunga humo lenzi ya aina ya AF-D, mojawapo ya hizo zisizo na mota, utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono, na adapta ya FTZ inayounganisha lenzi hizo na kamera mpya za Nikon za familia ya Z haiongezi mota yoyote. Soma herufi zilizoandikwa kwenye lenzi: AF-S kwa Nikon, USM kwa Canon, HSM kwa Sigma, USD kwa Tamron. Zote zinakuambia kwamba kuna mota ya mawimbi ya sauti ndani, ingawa hata hizo hazilingani kwa nguvu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu, nami ninaomba lisomwe polepole. Niliuza zumu yangu ya zamani, nikaongeza akiba ya miezi saba, nikanunua lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa). Muuzaji aliniambia kwamba ile ni lenzi ya kasi, na hakunidanganya, kwa sababu wapiga picha huiita hivyo lenzi yoyote yenye tundu kubwa: mwanga mwingi inaouingiza humwezesha mpigaji kutumia kasi kubwa ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kujifunga picha inapopigwa. Mimi nilisikia neno kasi nikaelewa kwamba itashika fokasi haraka. Pale dukani niliielekeza kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, ikashika, picha ikatoka safi kiasi kwamba nyuzi za karatasi zilionekana, nikalipa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na fainali ya kombe la vijana wa kata moja ya Morogoro. Ilichelewa kuanza, hivyo kipindi cha pili kilichezwa katika mwanga wa machweo, na mimi nilikuwa nimejipongeza moyoni kwamba nina lenzi inayopenda giza. Nilikaa chini karibu na goli. Zikiwa zimebaki dakika chache, winga wa kulia alimpita beki akakata kuja ndani, moja kwa moja upande niliokuwapo. Nilibonyeza. Niliisikia mota ikisaga taratibu ndani ya lenzi, na katika kioo cha kutazamia nikamwona yule kijana akiyeyuka, akabaki doa la jezi ya njano, huku uzio wa mabati uliokuwa nyuma yake ukijitokeza wazi. Lenzi ilikuwa imemwacha mchezaji ikaenda kushika mabati, na safari ya kurudi kwake ilichukua muda mrefu kuliko ule aliouhitaji kupiga shuti na mpira kutikisa nyavu. Nilikuwa na picha 14 za bao lile. Katika zote, tangazo la fundi magodoro lililopakwa rangi kwenye mabati linasomeka mpaka namba ya simu. Uso wa mfungaji hauonekani sawasawa hata katika moja.

Kesho yake kocha wa timu ile alinifuata. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, lile bao umelipata? Kuna mtu wa timu ya vijana Dar nimemwahidi picha." Nilimwonyesha. Alizipitisha moja baada ya nyingine bila kusema neno, akanirudishia kamera kwa mikono miwili, akasema tutatafuta siku nyingine. Mwaka uliofuata yule winga alikuwa amevuka umri wa kucheza kombe lile.

Lenzi yenyewe haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya picha za sura, mahali ambapo mtu ametulia na mpigaji anataka fokasi ikae kwenye kope la jicho. Ndani yake kuna vioo vikubwa na vizito, na mota inavisogeza kwa uangalifu ili isivipitishe mahali panapotakiwa; hiyo ni sifa njema studioni na ni balaa uwanjani. Lenzi iliyobuniwa kwa michezo hufanya kinyume chake: husogeza vioo vichache na vyepesi vilivyo katikati ya mwili wake, kwa mota yenye nguvu, na urefu wake wa nje haubadiliki inapotafuta fokasi. Kwa hiyo ukiwa dukani itazame inapofanya kazi. Ikiwa pua ya lenzi inatoka na kurudi kila inapotafuta fokasi, jua kwamba mota inabeba mzigo mkubwa. Vivyo hivyo lenzi za kupigia vitu vidogo kwa karibu, hata zikiwa za f/2.8, zina safari ndefu mno ya fokasi, nazo zikipotea huchukua muda kurejea.

Hesabu yake haina huruma. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 80 katika sehemu ya kumi ya sekunde. Ukimpiga akiwa mita 10 kutoka kwako, kwa lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa f/2.8 kwenye kamera ya sensa kamili, ile isiyokuza, eneo litakaloonekana kwa ukali, mbele na nyuma yake kwa pamoja, ni sentimita 40 hivi. Fokasi ikichelewa kwa sehemu hiyo ya kumi tu, mchezaji amekwisha kutoka katika eneo hilo, na shata hata iwe 1/2000 ya sekunde itakugandishia ukungu.

Usidhani basi kwamba tundu kubwa halina maana. Kamera ya DSLR, ile yenye kioo cha ndani kinachoakisi picha kuelekea jichoni mwako, hutafuta fokasi lenzi ikiwa wazi kabisa, hata kama wewe umechagua kupiga kwa f/8, kwa hiyo lenzi ya f/2.8 huipa kamera mwanga mara nne ya ile ya f/5.6 wakati wa kutafuta. Zile zumu nyepesi zinazouzwa pamoja na kamera, zinazofikia f/5.6 zikivutwa mpaka mwisho, zitakuridhisha saa nane mchana kwenye jua la Dodoma na kukuangusha saa kumi na mbili jioni. Unachotafuta ni vitu viwili kwa pamoja, tundu kubwa na mota ya haraka. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, na mechi zako nyingi ni za mchana, ningekushauri uchukue mota nzuri yenye f/4 kuliko tundu la f/1.4 lenye mota ya kobe.

Kwa sababu hiyo hiyo kuwa mwangalifu na kikuzaji kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Kinachokuza mara 1.4 kinakunyang'anya nusu ya mwanga, na kinachokuza mara 2 kinakuachia robo tu. Ukikifunga hicho cha mara 2 kwenye zumu ya 70-200 ya f/4 unapata f/8, na kamera nyingi za zamani zenye kioo cha ndani haziwezi kushika fokasi zenyewe zaidi ya f/5.6.

Tafuta swichi ya kuzuia masafa ya fokasi kwenye ubavu wa lenzi, kisha uitumie. Katika zumu nyingi za 70-200 za kitaalamu swichi hiyo huiambia lenzi isihangaike na chochote kilicho karibu zaidi ya mita kadhaa, ili ikipoteza mchezaji isirudi mpaka miguuni pako kabla ya kumtafuta upya. Nimekutana na watu waliomiliki lenzi hizo kwa miaka miwili bila kuigusa.

Jaribio la dukani lifanyike nje ya duka, kwa kamera yako mwenyewe, si kwa kamera ya muuzaji. Weka kamera kwenye fokasi endelevu, ile inayoitwa AI Servo au Servo kwa Canon na AF-C kwa Nikon na Sony, simama kando ya barabara mahali salama, kisha piga mfululizo wa picha kumi za bodaboda inayokujia. Rudia mara tano. Baada ya hapo kuza kila picha kwenye skrini uhesabu zilizoshika kwenye uso wa dereva, na ukiweza lirudie zoezi zima jioni. Angalia pia lenzi inavyofanya pikipiki inapopitiwa na mtu mbele yake, kama inamrukia mpita njia au inabaki na pikipiki. Sehemu ya tabia hiyo hutokana na kamera na mipangilio yake, na ndiyo maana nasisitiza utumie kamera utakayoingia nayo uwanjani. Muuzaji akikataa usitoke nje na mali yake, mwachie amana. Akikataa na amana, nenda duka jingine.

Kwa lenzi ya mtumba, mulika tochi ya simu kutoka nyuma ukiangalia kupitia mbele. Vumbi kidogo halina neno, lakini utando mweupe wenye nyuzi kama za buibui ni fangasi, na kwetu sisi wa pwani ugonjwa huo ni wa kawaida kwa lenzi iliyofungiwa kabatini. Isikilize mota: inayopiga kelele kama bawaba kavu, au inayosita kabla ya kuanza, iko njiani kufa, na kuibadilisha ni gharama kubwa.

Kituliza mtikisiko hutuliza mikono yako, hakimtulizi mchezaji, hivyo usikilipie zaidi kwa ajili ya michezo. Uzito nao uzingatie, kwa kuwa zumu ya 70-200 ya f/2.8 inaweza kufikia kilo moja na nusu, na baada ya dakika 90 mkono hutetemeka. Nunua stendi ya mguu mmoja siku hiyo hiyo. Usisahau kofia ya lenzi, mfuko wa kuikinga na mvua, na vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya begi. Usiingie kwenye mechi kubwa na lenzi ambayo hujaifanyia mazoezi hata kwenye mechi ya mtaani. Usiazime lenzi ya mtu bila kukubaliana nani atalipa ikianguka. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Risiti iandikwe namba iliyochongwa kwenye lenzi pamoja na siku ambazo unaruhusiwa kuirudisha, nayo uipige picha hapo hapo kaunta kabla wino haujafutika.