Kata mafunjo, mzizi uache

Nasuka mikeka Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, kwa mafunjo, mimea mirefu ya ufuoni ambayo sisi Wajaluo tunaiita togo. Kazi nilifundishwa na mama mkwe. Wasichana wanaokuja kwangu kujifunza siwapi panga kabla hawajaingia topeni mikono mitupu.

Shika bua. Si la duara, lina kingo tatu, na ndani ni jeupe, laini kama sifongo. Lifuate kwa mkono mpaka chini. Utagusa kitu kinene kimelala ubavu kwenye tope. Huo ndio mzizi, na ndio mmea wenyewe. Mabua yote yameota hapo, na machipukizi ya mwakani yatatoka hapo. Ukiuchimbua kwa jembe umemaliza kila kitu.

Kata bua lililokomaa, lenye kichwa kilichotawanyika na ambacho bado ni kijani. Ambalo kichwa chake kimefumba, liache. Kata kwa pigo moja, na kata juu ya maji. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko wakati wowote katika kumbukumbu, nilikuwa nimekata chini kwa haraka. Visiki vikazama, mizizi ikaoza, na kipande kile hakikuota tena.

Baada ya miezi sita mafunjo yatakuwa marefu na utatamani kurudi. Usirudi. Subiri mwaka mzima. Mimi nimegawa sehemu yangu mara mbili: nusu nakata, nusu inapumzika, na ukanda wa upande wa maji siugusi kabisa, maana humo vifaranga vya samaki aitwaye ngege hujificha.

Utaambiwa mafunjo hayamo hatarini. Kwa hesabu ya dunia ni kweli, hata IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, haiyaweki kwenye orodha ya mimea inayotishiwa. Lakini kuna ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa njano, anayeishi ndani ya mafunjo ya ukanda huu wa maziwa. Ufuo ukifyekwa wote kwa ajili ya mashamba, hana pa kwenda. Kabla sijakata husimama nikasikiliza. Nikimsikia karibu, nahama.

Palipokwisha kufa, panda. Chukua kipande cha mzizi chenye machipukizi mawili au matatu, mwanzo wa masika, ukilaze kwenye tope la ukingoni bila kukizika sana. Kifunge kwa kigingi mawimbi yasikibebe, na wekea ng'ombe uzio wa miiba mpaka mabua mapya yatoke.