Kabla hujapeleka sampuli ya uvimbe wa ovari ya mbwa wako maabara

Kama una mbwa jike mzee ambaye hajatolewa kizazi, na tumbo linavimba au damu ya joto (kipindi cha kutaka dume) haikatiki, soma haya kabla hujatoka nyumbani.

Andika tarehe. Joto la kawaida huchukua kama wiki tatu, na daktari atakuuliza lilianza lini. Uliza pia kama mbwa afunge kula kabla ya altrasaundi.

Usikimbilie kusema ni ovari. Mbwa wanaozurura mitaa ya Nairobi huambukizana uvimbe wa sehemu za siri wanapopandana, nao hutoa damu vilevile. Huo hutambulika upesi kwa hadubini: seli za mviringo zenye vitundu vidogo vyeupe ndani. Kizazi kikijaa usaha, usingoje kesho. Lakini daktari akipangusa uke kwa pamba na kukuta seli bapa zilizokauka wakati joto lilipaswa kuwa limeisha zamani, basi kuna kitu bado kinamwaga estrojeni, homoni ya kike: pengine kifuko cha maji kwenye ovari, pengine uvimbe wa granulosa, yaani wa seli za ovari zinazotengeneza homoni hiyo. Hapo dai damu ipimwe yote, kwa sababu estrojeni ikizidi hudhoofisha uboho wa mifupa, unaotengeneza damu.

Kabla sindano ya kuvuta seli haijapenya tumboni, uliza: kama uvimbe utatolewa kwa vyovyote, ya nini kuuchoma sasa? Saratani ya ovari inaweza kumwaga seli tumboni kupitia tundu hilo. Madaktari wengi hupendelea kuutoa kwanza, kisha kugusisha slaidi, kile kioo chembamba cha kutazamia seli kwa hadubini, kwenye sehemu iliyokatwa.

Sasa lile lililoniumiza. Mbwa wangu Pendo, miaka tisa, alipasuliwa Ijumaa jioni. Ovari ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko embe, na tumboni kulikuwa na maji. Nilikabidhiwa chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, yenye kipande cha uvimbe, na kisanduku cha slaidi: tatu za uvimbe, nne za yale maji. Nikaona nimepanga vizuri sana. Vyote nikavitia kwenye kikasha kimoja cha plastiki, nikafunga mfuniko ukashika, nikakiweka kabatini hadi Jumatatu, nikapanda matatu ya kwenda maabara Kabete na kikasha mapajani.

Mtaalamu alipaka rangi slaidi ya kwanza, akainama, akanyamaza. Akapaka ya pili. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama zilikaa pamoja na fomalini. Mvuke wake hupenya hata chupa iliyofungwa, hugandisha seli kabla ya wakati wake, na rangi haishiki tena inavyotakiwa. Alichoona ni ukungu wa buluu. Viini vya seli, ambavyo ndivyo hasa husomwa, havikuonekana.

Kipande kwenye chupa kilikuwa salama, na baadaye kilisomeka: granulosa. Lakini yale maji yalikuwa yamemwagwa kwenye sinki siku ileile ya upasuaji, kwa kuwa slaidi nne zilionekana kutosha. Kama seli za uvimbe zilikuwa zimeshasambaa tumboni au la, slaidi zile ndizo zingenidokezea. Niliishi na Pendo miezi saba nikimpapasa tumbo kila usiku. Bado inaniuma.

Kwa hiyo: mifuko miwili, na bora safari mbili. Fomalini isipande gari moja na slaidi ambazo hazijapakwa rangi. Maji ya tumboni yahifadhiwe pia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia kuganda, yakae kwenye friji na yafike mapema. Slaidi zenyewe zisiingie friji. Zikitoka humo hutokwa jasho na seli hupasuka. Zikauke hewani upesi, ziandikwe kwa penseli, kwa sababu wino huoshwa na spiriti. Fomalini iwe mara kumi ya kipande, na kipande kikubwa kikatwe ili ipenye.

Jibu la slaidi ukilipata siku hiyohiyo, usilifanye la mwisho. Seli husema uvimbe ni wa aina gani, ila si kila mara husema kama ni mbaya, kwa hiyo kipande kisomwe pia. Omba nakala ya majibu kwa maandishi. Simu iwe na chaji, na namba uliyoacha iwe ya mtu anayepokea. Na usiondoke kaunta kabla hujaona jina la mbwa wako limeandikwa kwenye kila slaidi.