Namna ya Kusoma Rekodi ya Mchezaji au Kocha wa Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Kabla ya kutazama takwimu zozote, andika miaka ambayo mhusika alicheza au alifundisha futiboli hii (mchezo wa Kimarekani wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, si soka), kwa kuwa kanuni za kuhesabu zimebadilika mara nyingi. Hadi mwaka 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kuu za vyuo vikubwa, hivyo nyota wa miaka ya 1960 kwa kawaida ana misimu 3 tu ya kulinganishwa na misimu 4 ya waliomfuata. Vilevile, kabla ya msimu wa 2002, takwimu za mchezaji katika mechi za boli, yaani zile zinazochezwa baada ya msimu wa kawaida, hazikuingizwa katika hesabu rasmi. Barry Sanders wa Oklahoma State anatambuliwa kwa yadi 2,628 (yadi moja ni karibu mita 0.9) alizokimbia na mpira mwaka 1988 katika mechi 11. Yadi 222 za mechi yake ya boli ziliachwa nje, nami naona ni haki kuzitaja kila anapolinganishwa na wakimbiaji wa leo.

Tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, isomwe kama hukumu ya msimu mmoja, wala si utabiri wa maisha ya baadaye. Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago aliipata ya kwanza mwaka 1935, akawa pia mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 1936, lakini hakuwahi kucheza futiboli ya kulipwa. Archie Griffin wa Ohio State ndiye pekee aliyeipata mara 2, mwaka 1974 na 1975.

Kwa kocha, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu jumla ya ushindi huficha mengi. Tenganisha kila chuo alichofundisha, kisha fuatilia mwaka kwa mwaka: kocha Bear Bryant alishinda mechi 1 na kupoteza 9 katika msimu wake wa kwanza Texas A&M, mwaka 1954, na kufikia 1956 timu hiyohiyo haikupoteza mechi hata moja. Anayesoma tu jumla ya ushindi wake 323 katika vyuo vyote hataona ujenzi huo. Eddie Robinson, kwa upande wake, alipata ushindi 408 akiwa kocha wa Grambling State pekee, chuo cha Wamarekani weusi, kati ya 1941 na 1997, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya wakati vyuo vikuu vikubwa vya Kusini mwa Marekani vilikuwa vimewafungia milango wachezaji weusi. Rekodi yake haieleweki bila historia hiyo.

Hesabu ya ubingwa nayo ihakikiwe. Kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura za waandishi au za makocha, si kwa fainali, na kura hizo ziliweza kutofautiana: mwaka 1997 Michigan na Nebraska waligawana ubingwa, na mwaka 2003 LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) ya kocha Nick Saban iligawana na USC (Chuo Kikuu cha Kusini mwa California).

Mwisho, orodhesha wasaidizi wa kocha na walikoenda, kwani mchango wake huonekana pia kwao. Kirby Smart alikuwa msaidizi wa Saban huko Alabama, chuo ambacho Saban alifundisha baadaye, kabla ya kupewa timu ya Georgia, na Januari 2022 Georgia ikaishinda Alabama 33-18 katika fainali ya taifa.