Kumvua sangara kwa kukokota chambo Ziwa Victoria, hatua kwa hatua

Anayeanza kuvua sangara kwa fimbo, akikokota chambo nyuma ya boti inayotembea, huniuliza kwanza rangi ya chambo. Rangi ina nafasi yake, lakini kabla ya rangi nataka ujue mambo mawili: chambo chako kinapita kina gani, na chini yake kuna nini. Ukiyajua hayo mawili, hata chambo cha rangi mbaya kitakupa samaki. Usipoyajua, utazunguka na boti kutwa nzima ukichoma petroli.

Mjue samaki kabla ya kununua vifaa

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Anakula furu, dagaa, uduvi, na hata watoto wa sangara wenzake. Anawinda kwa macho, na macho yake huona vizuri kwenye mwanga hafifu, ndiyo maana alfajiri na magharibi ni saa nzuri kuliko adhuhuri.

Jambo linalosahaulika ni kwamba anahitaji maji yenye oksijeni nyingi. Msimu wa joto, hasa Januari hadi Machi, maji ya ziwa hugawanyika matabaka, na tabaka la chini kwenye vilindi hupungukiwa oksijeni. Sangara hakai huko. Husogea juu na kwenye miteremko ya kando, na hapo mkokotaji ana faida kubwa. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huyapoza na kuyachanganya maji hadi chini, samaki wakatawanyika. Miezi hiyo wanapatikana, ila inabidi uwatafute zaidi.

Hatua ya 1: Vifaa

Fimbo fupi yenye nguvu, ya mita 2 hivi, na rili inayobeba mshipi usiopungua mita 200. Mshipi wa kusuka unaohimili kilo 25 hadi 30 unatosha. Mbele yake funga kipande cha nailoni nene, ya kilo 40 au zaidi, chenye urefu wa mita moja na nusu. Sangara hana meno ya kukata, lakini mdomo wake unakwaruza kama msasa, na nailoni nyembamba hulika taratibu hadi ikatike wakati samaki yuko karibu na boti.

Chambo ni samaki bandia wa sentimita 12 hadi 18 mwenye ulimi wa plastiki mbele. Ulimi huo ndio unaomzamisha anapokokotwa; kadiri ulivyo mrefu, ndivyo anavyokwenda chini zaidi. Chagua anayeelea ukisimamisha boti, kwa sababu akigonga jiwe ukapunguza mwendo, atapanda mwenyewe na kujinasua. Ndoano zilizokuja naye zikiwa laini, zibadilishe. Sangara mkubwa huzinyoosha.

Kuhusu rangi: maji ya kijani yaliyochafuka, tumia kijani na njano kali au chungwa. Maji meupe kandokando ya visiwa, tumia fedha au rangi inayofanana na furu. Inatosha.

Hatua ya 2: Pima kina cha chambo

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo roho ya kazi yote. Maandishi kwenye boksi la chambo hayajui unene wa mshipi wako wala umeachia mita ngapi. Mshipi mnene huburutwa na maji na kukizuia chambo kushuka. Mwembamba hukiacha kizame.

Chukua kamba yenye jiwe, ifunge fundo kila mita moja. Tafuta sehemu ya mchanga mtupu na upime mpaka upate mita 5. Endesha boti hapo kwa kasi utakayovulia, ukiachia mshipi kidogo kidogo. Ncha ya fimbo itakuwa inatetemeka kwa mpigo mwepesi wa kawaida. Mara utaona inagonga kwa uzito na kupinda bila mpangilio: chambo kinachimba mchanga. Tia alama kwenye mshipi mahali hapo, kwa wino usiofutika au uzi wa rangi. Sasa unajua kwamba ukiachia hadi alama ile, chambo hicho kwa mshipi huo kinapita mita 5. Rudia kwenye mita 7, kisha kwa kila chambo unachotumia, na uandike kwenye daftari.

Usidhani kuachia mshipi mwingi zaidi kutakupeleka chini bila kikomo. Ukifika mahali fulani, mshipi wenyewe unaanza kukiinua chambo.

Hatua ya 3: Chagua mstari wa kupita

Tazama mawe ya nchi kavu. Pwani ya Mwanza, Ukerewe, Ukara na visiwa vingi vya jirani, majabali unayoyaona juu yanaendelea chini ya maji kwa mteremko uleule. Rasi yenye mawe, mwamba uliozama, ukingo ambapo kina kinatoka mita 4 hadi 10 kwa ghafla: hapo ndipo sangara anapojibanza akisubiri. Chambo kipite mita moja au mbili juu ya mawe, sambamba na ukingo.

Upande unaopigwa na upepo mara nyingi una samaki wengi kuliko upande uliotulia, lakini ndio upande ambao injini ikizima unasukumwa kwenye mawe. Nanga iwe tayari, jaketi okozi ziwe mwilini. Mchana upepo huongezeka ziwani. Mimi napenda kuwa nimemaliza kabla haujakolea.

Angalia pia maboya ya nyavu na migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) ya wavuvi wengine. Ndoano zako zikishika wavu wa mtu zitauchana, na ule ndio mkate wake. Ukiona boya, kunja mshipi, pita mbali.

Kabla ya yote hayo, uliza BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo, yaani pale boti zinapotia nanga, kuhusu leseni. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na kuvua huko kunahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania.

Hatua ya 4: Kasi na kona

Kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Injini ikikimbia mno hata ukipunguza moto hadi mwisho, funga ndoo iliyotobolewa matundu nyuma ya boti iburute maji. Ncha ya fimbo ikiacha kutetemeka, vuta chambo: kimenasa gugumaji, na sangara hataki kula majani.

Usiende moja kwa moja. Kata kona pole, kushoto na kulia. Boti inapokata kona, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kupanda, cha nje huongeza mwendo. Samaki akishika cha ndani, punguza kasi; akishika cha nje, ongeza. Ziwa lenyewe linakwambia samaki wa leo anataka nini.

Hatua ya 5: Akishika

Usisimamishe boti mara moja. Iache iendelee kidogo, ndoano ziingie vizuri, kisha nahodha apunguze na kuelekea kwenye kina, mbali na mawe. Wenzako wakunje mishipi yao haraka. Sangara huruka akitikisa kichwa ili ateme chambo. Ukiona mshipi unapanda kuelekea juu, inamisha ncha ya fimbo karibu na maji na usiache mshipi ulegee. Breki ya rili imwache avute akitaka. Wakubwa wengi hupotea karibu na boti, mvuvi anapokuwa na haraka.

Hatua ya 6: Mkononi

Vaa glovu, mshike taya la chini. Kifuniko cha shavu kina miiba mikali, na mgongoni vilevile. Tumia koleo kutoa ndoano, kamwe si vidole.

Wa chini ya sentimita 50 anarudi majini. Kanuni zinakataza kumchukua. Wale wakubwa sana wengi wao ni majike yenye mayai mengi, na ninawarudisha pia, ingawa najua bei ya bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwake. Mkubwa usimning'inize kwa taya. Mshike tumbo kwa mkono wa pili. Mweke majini kichwa kikiwa kinatazama mbele, boti itembee pole pole maji yapite kwenye mashavu, na umwachie anapopiga mkia mwenyewe. Akitoka kwenye kina kirefu tumbo likiwa limevimba, hawezi kuzama tena. Huyo, kama hayuko chini ya sentimita 50, mchukue ukamle.

Kabla ya kuachia mshipi tena, pitisha kidole kwenye ile nailoni ya mbele. Ikikwaruza, kata kipande kilicholika na ufunge upya, halafu pita mstari uleule kwa kina kilekile.